Kufuta makosa madogo Pennsylvania: shajara ya mradi

Wiki ya 1. Kupanga mafaili

Mafaili mezani ni 11. Wenyewe wengi ni Wakongo, wachache Warundi, waliohamishiwa Pennsylvania, Marekani, kutoka kambi za Tanzania na Uganda. Mashtaka ni yale ya kila siku: ulevi hadharani, fujo, ugomvi wa kwenye ngazi za ghorofa uliogeuka kesi ya kumsumbua jirani, kutoka dukani na kitu kisicholipiwa. Hakuna aliyelala jela. Lakini mtu akiomba kazi ya ghala au nyumba ya kupanga, jina linachunguzwa na tiketi (karatasi ya shtaka aliyoandika askari) ya miaka sita iliyopita inachomoza.

Mgawanyo wa kazi: wakalimani na wasaidizi wanakusanya na kujaza karatasi, wakili wa msaada wa kisheria anazikagua na kutia sahihi. Mtu anaruhusiwa kujiombea mwenyewe bila wakili. Asiyeruhusiwa ni yule jamaa wa mtaani anayetoza pesa "kukusafishia jina" na si wakili.

Kabla ya yote, maneno mawili yametenganishwa, kwa sababu kwa Kiswahili watu huyachanganya na mwisho wake ni lawama.

*Kufuta* ni kuharibu kumbukumbu yenyewe. Kifungu ni 18 Pa.C.S. § 9122, cha sheria za jinai za jimbo. Kosa la daraja S, yaani la chini kabisa, linafutika mtu akimaliza miaka 5 tangu kutiwa hatiani bila kukamatwa wala kushtakiwa tena. Mashtaka ambayo hayakuishia kwenye hatia yanafutika pia, hata yakiwa ya daraja la juu.

*Kufunga* ni kuficha. Ni kazi ya sheria ya Clean Slate ya mwaka 2018; kompyuta zilianza kufunga kesi zenyewe tarehe 28 Juni 2019, bila mtu kuomba chochote. Marekebisho ya 2023 yalipunguza muda: kosa la S kutoka miaka 10 hadi 5, na makosa ya kati kutoka 10 hadi 7. Kesi iliyofungwa haionekani kwa mwenye nyumba wala mwajiri wa kawaida, ila polisi, waendesha mashtaka na mahakama bado wanaiona.

Mafaili yamegawanyika hivi: 3 zimeshafungwa na kompyuta, 5 ni za S zenye zaidi ya miaka 5 na bado zinaonekana, 1 ni shtaka lililoondolewa kabla ya hukumu, 1 haijatimiza miaka 5, 1 ni ya daraja M2, yaani kosa la kati la daraja la pili. Hiyo ya M2 haifutiki kwa ombi la kawaida. Njia yake ni kungoja miaka 7 bila kutiwa hatiani tena kwa kosa linaloweza kubeba kifungo cha mwaka 1 au zaidi, iwe imelipa fidia yote kama iliamriwa, ifungwe. Au kupitia bodi ya msamaha hadi kwa gavana. Imewekwa pembeni.

Wiki ya 2. Kutafuta kesi

Tovuti ya mahakama za jimbo ni ujsportal.pacourts.us, na kutafuta ni bure. Unaweka jina la ukoo, jina la kwanza, tarehe ya kuzaliwa. Inaonekana rahisi mpaka ukutane na majina yetu.

Mkongo mwenye majina matatu anaweza kuwa ameandikwa kwa mpangilio mmoja kwenye karatasi za kambini, mwingine kwenye leseni ya udereva, na wa tatu na askari aliyeandika tiketi usiku akiwa na haraka. Kila jina linatafutwa likiwa mbele, kisha nyuma, kisha mawili yakiwa yameunganishwa bila nafasi. R na L hubadilishana. "Ng'" huandikwa "Ng" au "N G". Faili moja ilitoa kesi kwenye jaribio la sita. Kesi isiyoonekana leo itaonekana siku mwajiri atakapoitafuta, kwa hiyo hapa hakuna kuchoka.

Shida ya pili ni tarehe 1 Januari. Wakimbizi wengi walioandikishwa bila cheti cha kuzaliwa walipewa siku hiyo. Matokeo yake watu wawili wenye jina moja wanakuwa na tarehe moja ya kuzaliwa, na kesi ya mmoja inamwangukia mwenzake. Faili 2 ilileta kesi mbili. Mwenye faili anaikubali moja tu. Karatasi ya tovuti inaonyesha mji na namba ya posta, basi, na hiyo haitoshi. Tumeomba nakala ya tiketi yenyewe kwa karani wa hakimu aliyeisikiliza, tulinganishe anwani, namba ya leseni na sahihi. Usiingize kesi ya mtu mwingine kwenye ombi ati ifutwe yote kwa mpigo: ombi linatiwa sahihi chini ya onyo la § 4904, kifungu cha kutoa maelezo ya uongo kwa mamlaka. Utakuwa umefuta kosa moja na kuanzisha lingine.

Mtego wa tatu uko kwenye namba za kesi. Kesi ya mahakama ya kaunti huanza na CP na namba ya kaunti kwa alfabeti: 02 ni Allegheny, 25 ni Erie, 36 ni Lancaster. Kesi ya hakimu wa wilaya huanza na MJ, na hapo tarakimu mbili za mwanzo ni za eneo la mahakama, si za kaunti: MJ-02 ni Lancaster, MJ-05 ni Allegheny, MJ-06 ni Erie. Aliyezoea CP-02 ataona MJ-02 na kupeleka ombi Pittsburgh, kaunti ya Allegheny, wakati kesi iko Lancaster. Herufi NT katikati ya namba maana yake ni tiketi isiyo ya barabarani. Hizo ndizo zetu. Za barabarani tumeziacha, kwani idara ya leseni ina daftari lake na amri ya kufuta kesi hailigusi.

Wiki ya 3. Uhamiaji kwanza

Hakuna ombi litakalopelekwa wiki hii, na si uzembe. Hapa ndipo mtu anaweza kuharibikiwa kabisa.

Kosa likifutwa na jimbo, kwa serikali ya shirikisho upande wa uhamiaji halijafutwa. Sheria ya uhamiaji ina tafsiri yake ya kutiwa hatiani, iliyowekwa mwaka 1996: mtu akikiri, kisha hakimu akatoa adhabu au sharti lolote, inatosha. Mwaka 1999 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliamua katika shauri la Roldan kwamba jimbo likimfutia mtu kosa ili aanze upya, hatua hiyo haibadilishi kitu kwao. Fomu ya uraia, N-400, inamtaka mwombaji ataje hata makosa yaliyofutwa au kufungwa. Alama za vidole zinachukuliwa. Anayejibu "hapana" kwa sababu "si limefutwa?" anageuza tiketi ya ulevi kuwa suala la kusema uongo kwenye fomu, na hilo la pili ndilo zito.

Sasa fikiria upande wa pili. Ofisa wa uraia anataka karatasi ya mahakama inayoonyesha kesi ilivyoisha. Mahakama imeshaharibu faili kwa amri uliyoiomba wewe mwenyewe. Utathibitisha vipi kwamba lilikuwa kosa la daraja S, ambalo kifungo chake cha juu ni siku 90, na si kitu kikubwa?

Kwa hiyo mpangilio wa kazi umebadilishwa. Kabla ya ombi, kila faili iwe na nakala mbili za matokeo ya kesi zenye muhuri wa mahakama, nakala ya tiketi au hati ya mashtaka, na risiti ya faini. Muhuri uguswe kwa kidole. Fotokopi ya muhuri si muhuri. Nakala moja inabaki kwa mwenyewe, kwenye bahasha moja na kadi yake ya kijani (ya ukaazi), si kwenye simu pekee. Aliyeomba hifadhi au ana kesi ya uhamiaji inayoendelea anapita kwanza kwa wakili wa uhamiaji. Kosa la wizi wa dukani hasa, hata la dola 20, halipiti bila wakili huyo.

Wiki ya 4. Ripoti ya Polisi wa Jimbo

Ombi la kufuta linatakiwa liambatane na ripoti ya kumbukumbu kutoka Polisi wa Jimbo, iliyotolewa ndani ya siku 60 kabla ya kupeleka ombi, isipokuwa mwendesha mashtaka akubali isiwepo. Fomu ni SP4-170. Ada ni dola 20, kwa mani oda au cheki iliyothibitishwa na benki. Cheki ya kawaida hairuhusiwi. Weka nakala ya kitambulisho chenye picha. Inapelekwa 1800 Elmerton Avenue, Harrisburg.

Kuna uchunguzi mwingine wa mtandaoni, PATCH, wa dola 22, ambao waajiri hutumia. Usiuchanganye na huu. Mmoja wa wenye mafaili alishalipia PATCH kabla hajaja. Jibu lake halitumiki kwenye ombi.

Siku 60 huhesabiwa tangu ripoti itolewe, si tangu ikufikie. Bahasha ikikaa njiani au ikaenda anwani ya zamani, muda unakula pesa. Ndiyo maana nakala zenye muhuri zilitangulia: zingefuatwa baada ya ripoti, nusu ya ripoti zingeoza.

Wiki ya 7. Majibu

Ripoti zote sita, tano za S na ile ya shtaka lililoondolewa, zimerudi. Nne zinasema hakuna kumbukumbu yoyote. Wenyewe walishangilia, ikabidi tuwarudishe chini. Tiketi ya fujo au ulevi kwa kawaida haina alama za vidole, kwa hiyo haikuwahi kufika kwenye daftari la Polisi wa Jimbo. Iko kwenye daftari la mahakama, na huko ndiko kampuni za uchunguzi zinakochota.

Faili 4, ya dukani, ni tofauti. Thamani ilikuwa chini ya dola 150 na ni mara ya kwanza, kwa hiyo daraja S. Ikirudiwa mara ya pili inapanda kuwa M2. Lakini kifungu cha wizi wa dukani, § 3929, kinaamuru alama za vidole hata kwa kosa la S, kwa mwenye miaka 16 na zaidi. Yeye yumo kwenye madaftari yote mawili, na kesi yake ina OTN, namba ya kufuatilia kosa inayoiunganisha kesi na alama za vidole. Amri yake itabidi iitaje namba hiyo.

Wiki ya 8. Kujaza ombi

Makosa ya S yaliyomalizwa kwa hakimu wa wilaya huenda kwa Kanuni ya 490 ya mwenendo wa kesi za jinai za jimbo. Shtaka lililoondolewa, ambalo lilifikishwa mahakama ya kaunti, linaenda kwa Kanuni ya 790. Fomu zinafanana sana na kila mara kuna anayezibadilisha.

Kinachotakiwa: majina yote aliyowahi kuandikwa nayo, anwani, tarehe ya kuzaliwa, jina na anwani ya hakimu, jina la askari aliyeandika tiketi kama lipo, namba ya kesi, tarehe ya tiketi, mashtaka kama yalivyoandikwa, si kama unavyoyakumbuka, kesi iliishaje, faini na gharama zimelipwa au la, sababu ya kuomba.

Faili 6 imetufundisha kitu kuhusu "iliishaje". Mwenyewe anasema hakuwahi kufika mahakamani wala kukiri. Alipokea karatasi, akaona kiasi, akalipa kwa posta. Kulipa tiketi yote ni kukiri kosa. Karatasi ya tovuti inaonyesha amekiri, na miaka 5 inaanza siku hiyo, si siku ya tukio. Alilipa miezi minne baada ya tukio, maana alikuwa akidunduliza. Kwa hesabu ya tukio angeonekana ametimiza zamani. Kwa hesabu sahihi ametimiza majuzi tu. Waliotoka Kongo wanaona ajabu, kwa sababu faini ya papo kwa papo wameizoea kama kitu kinachoishia pale pale na risiti, wengine hata bila risiti.

Sababu ya kuomba: sentensi mbili zinatosha. Imetimiza miaka 5 ya § 9122, hajakamatwa wala kushtakiwa tangu hapo. Hadithi ya maisha haitakiwi hapa. Kama kesi itaitishwa, nafasi ya kusema ipo.

Wiki ya 9. Kupeleka

Ombi la Kanuni ya 490 linapelekwa kwa karani wa mahakama ya kaunti ambako kesi ilimalizwa. Si kwa hakimu wa wilaya aliyetoa hukumu, ingawa ndiko miguu inakozoea kwenda. Siku hiyo hiyo nakala inapelekwa kwa mwendesha mashtaka wa kaunti. Kwa Wakongo tunaeleza kwamba huyu ndiye kama parke, ofisi ya mashtaka ya kwao. Bila nakala hiyo saa yake ya kujibu haianzi kuhesabu.

Ada ya kufungua hutofautiana kaunti kwa kaunti, na kuna maombi ya kusamehewa ada kwa wenye kipato kidogo. Watatu wameyatumia, wakiambatisha hati za mshahara.

Wiki ya 14. Pingamizi moja

Kwa Kanuni ya 490 mwendesha mashtaka ana siku 30 za kukubali, kupinga au kunyamaza. Kwa 790 ni siku 60, kwa hiyo faili 10, ya shtaka lililoondolewa, bado inangoja. Kati ya tano za S, nne hazikupingwa. Moja imepingwa kwa sababu ya gharama za mahakama za dola 38 ambazo hazijalipwa. Kifungu chenyewe cha § 9122 kinazungumzia miaka 5, si deni, na wakili angeweza kubishana. Mwenye faili ameona bora alipe, risiti imepelekwa, pingamizi limeondolewa. Kubishania dola 38 kwa miezi miwili wakati kazi inangoja ni ushindi wa kwenye makaratasi. Somo la utaratibu: salio liangaliwe kwenye ukurasa wa mwisho wa karatasi ya kesi, wiki ya 2, si wiki ya 14.

Wiki ya 16. Amri

Amri nne zimetoka, zikasomwa mstari kwa mstari kabla ya kushangiliwa. Karani hupeleka nakala kwa ofisi zilizotajwa ndani ya amri tu. Ofisi isiyotajwa haipelekewi, na haina habari. Amri moja ilikosa idara ya polisi ya mji iliyoandika tiketi. Ilitajwa kaunti peke yake. Imeombwa irekebishwe. Ya faili 4 ina OTN, Polisi wa Jimbo, idara ya mji, ofisi ya hakimu na mwendesha mashtaka. Hiyo ndiyo sura ya amri iliyokamilika.

Kila mmoja amepewa nakala tatu zenye muhuri. Ni karatasi pekee itakayobaki kuonyesha kwamba kesi ilifutwa kihalali.

Wiki ya 19. Kukagua

Tovuti imetafutwa tena kwa majina yale yale ya wiki ya 2, pamoja na yale yaliyokosewa. Tatu hazionekani. Ile ya amri iliyorekebishwa bado inaonekana, tunangoja. Kesi isiyo yake kwenye faili 2 imethibitika kuwa ya mtu mwingine kwa namba ya leseni, na mwenye faili ana nakala ya tiketi hiyo ya kuonyesha akiulizwa.

Zimebaki kampuni binafsi za uchunguzi. Hizi hununua data za mahakama kwa wingi. Ofisi ya mahakama za jimbo huwapa wanunuzi wake orodha ya kesi za kuondoa, lakini aliyenunua kwa mkono wa pili anaweza kubaki na nakala kuukuu. Mwajiri akitaja kosa lililofutwa, dai ripoti aliyoitumia, andikia kampuni iliyoitoa, ambatisha amri. Sheria ya shirikisho inaipa siku 30 kuchunguza. Barua ya kawaida yenye risiti ya posta inafanya kazi kuliko simu.

Kwenye fomu ya kazi, aliyefutiwa anaruhusiwa na § 9122.5 kujibu kana kwamba tukio halikuwepo, isipokuwa pale sheria ya shirikisho inapotaka vingine. Uhamiaji ni mfano wa kwanza. Na hata yule wa faili 9, ambaye hajatimiza miaka 5, ana kitu mkononi: § 9125 inamruhusu mwajiri kuzingatia hatia za makosa makubwa na ya kati tu, tena zinazohusiana na kazi yenyewe. Kosa la S halimo. Amepewa kifungu hicho kimechapwa kwenye karatasi moja aende nacho. Ripoti yake ya Polisi wa Jimbo itaombwa mwezi mmoja kabla ya tarehe yake, isiwe mapema zaidi.